Uzi: Kabati la kuoteshea uyoga ndani ya nyumba, tuanze na hewa kabla ya unyevu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Maswali kuhusu kuotesha uyoga wa kula ndani ya nyumba, kwenye kabati au hema dogo ambalo hewa, unyevu na joto lake hudhibitiwa, karibu yote huanzia mahali pamoja: ninunue mashine gani ya ukungu, na unyevu uwe asilimia ngapi? Nafungua uzi huu kwa sababu naamini mpangilio huo umepinduka. Kazi ya kwanza ya kabati la uyoga ni kubadilisha hewa. Kutunza unyevu ni kazi ya pili. Anayelipanga kwa kuanza na hewa hupata baadaye njia nyepesi ya kuongeza unyevu, ilhali anayeanza na unyevu huishia kuziba kila tundu ili ukungu usitoroke, kisha anashangaa kwa nini uyoga wake una mashina marefu na kofia zisizokua.

Mifano yangu mingi itatokana na mamama, yaani jamii ya Pleurotus, kwa kuwa uyoga huu hutanda haraka, hukubali malighafi za kuoteshea za aina nyingi, kama mabua au vumbi la mbao, na huonyesha waziwazi kila kasoro ya mazingira. Hiyo sifa ya mwisho ndiyo inayoufanya uwe mwalimu mzuri.

Uyoga si mmea na haujitengenezei chakula kwa mwanga. Utando wake mweupe huvunjavunja selulosi na lignini zilizomo kwenye mabua au mbao, huvuta oksijeni, na hutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa takriban sehemu 420 kwa kila milioni. Ndani ya mfuko wa malighafi ambao utando bado unatanda, kiwango hicho hupanda hadi maelfu mengi, wala hakuna madhara, kwa maana utando huishi ndani ya mti au chini ya majani ambako hewa ni ya namna hiyohiyo. Mambo hubadilika uyoga wenyewe unapoanza kuchomoza. Kwake yeye, hewa ya ukaa kupungua ni ishara kwamba sasa ametoka nje, mahali ambapo kofia ikifunguka itaweza kumwaga spora, lile vumbi jepesi ambalo uyoga huzaliana kwalo. Hewa ya ukaa ikibaki nyingi, shina huendelea kurefuka likiitafuta hiyo nje ambayo halijaifikia. Kwa mamama tunalenga chini ya sehemu 1,000 kwa milioni wakati wa kuzaa. Wakulima wa enoki, aina nyingine ya uyoga wa kula, hutumia tabia hiyohiyo kwa makusudi: huacha hewa ya ukaa ipande ili wapate vile vijishina virefu vyembamba vyenye vichwa vidogo ambavyo wanunuzi wanavitaka.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonishawishi. Chukua kabati lenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 150. Ujazo wake ni zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Hewa ya nyuzijoto 20 ikijaa mvuke kabisa hubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo, unyevu ukiwa asilimia 90, maji yote yaliyomo kwenye hewa ya kabati hilo ni kama gramu 8, ambazo hazijazi hata vijiko viwili vya chai. Kama hewa ya chumba ina unyevu wa asilimia 50, basi kila unapoibadilisha hewa yote ya kabati mara moja unahitaji kuongeza karibu gramu 4 tu. Ukiibadilisha mara sita kwa saa, usiku na mchana, utatumia takriban nusu lita kwa siku, ukiacha yale maji ambayo mifuko yenyewe huyatoa. Mashine ndogo ya ukungu ya nyumbani kwa kawaida hutoa mililita 200 au 300 kwa saa moja. Uwezo wa kuongeza unyevu tunao wa kutosha na kusaza, na hatuna sababu ya kuunyima uyoga hewa kwa kuhofia kwamba kabati litakauka.

Hesabu hiyo inafundisha jambo la pili ambalo watu hulipita haraka, nalo ni joto. Hewa ya nyuzijoto 25 hubeba hadi gramu 23 za maji kwa mita ya ujazo, na ile ya nyuzijoto 15 hubeba gramu 13 hivi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 90 kwenye nyuzijoto 20 hufikia umande ikipoa kwa digrii mbili tu. Ndiyo maana kabati linaloonekana sawa jioni huamkia likiwa limetiririka maji kutani, na kofia zimelowa. Uyoga uliolowa kwa saa nyingi bila kukauka hupata madoa ya manjano na kahawia yanayoteleza, kazi ya bakteria aitwaye Pseudomonas tolaasii. Wengi hulijibu tatizo hilo kwa kubadilisha mbegu (yaani nafaka au vumbi la mbao lililokwisha tandwa na utando, linalopandwa mfukoni) au malighafi, wakati kilichotakiwa ni kupunguza ukungu wa usiku na kuacha feni iendelee.

Kuhusu ujenzi, nitaeleza mpangilio ninaoupendelea na sababu zake. Feni iwekwe upande wa kutolea hewa, juu, ili ivute hewa kutoka ndani na kuipeleka nje ya jengo kwa bomba linalopita dirishani. Feni ikivuta badala ya kusukuma, msukumo wa hewa ndani ya kabati huwa mdogo kuliko wa chumbani, na kila ufa mdogo huingiza hewa badala ya kuvujisha spora. Hewa iingie kwa chini kupitia tundu pana lililofunikwa kwa kitambaa cha chujio ambacho vijinzi hawawezi kupenya. Ukungu usipulizwe moja kwa moja kwenye mifuko. Mashine ikae ndani ya ndoo yenye mfuniko iliyo nje ya kabati, na hewa inayoingia ipitie humo, ili matone makubwa yaanguke ndani ya ndoo na kinachofika kwenye uyoga kiwe hewa yenye unyevu badala ya mvua. Tanki lioshwe kila wiki, kwa kuwa mashine hizi hurusha hewani chochote kilichomo majini, iwe ni chumvichumvi za maji magumu au bakteria.

Kipima unyevu kikae kimo kimoja na mifuko, mbali na mdomo wa bomba, na kidhibiti kipewe nafasi ya kupumua: kiwashe ukungu unyevu ukishuka chini ya asilimia 85 na kuuzima ukifika 92, kwa mfano. Kikilazimishwa kushika namba moja, mashine itawaka na kuzima muda wote bila faida. Vipimo vya bei nafuu hukosea sana unyevu ukipita asilimia 90, hivyo vipimwe kabla ya kuaminiwa. Njia ni rahisi: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe uji mzito ambao haujayeyuka wote, iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo linalofunga vizuri, subiri saa kadhaa katika joto la kawaida la chumba. Hewa iliyo juu ya uji huo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 81, unajua kinazidisha sita.

Mwanga nao unahitajika, ingawa si kwa ajili ya chakula. Bila mwanga mamama hutoa matawi yasiyo na umbo, na kofia hushindwa kujua upande wa kuelekea. Balbu ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe, ikiwaka saa 12 kwa siku, inatosha.

Umeme na unyevu havipatani. Soketi zote zikae nje ya kabati, nyaya zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili matone yasifuate waya, na saketi iwe na kikatio kinachozima umeme unapovuja. Hapo sina nafasi ya maafikiano na mtu.

Karibuni mchango.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo haya. Naomba nirudi nyuma kidogo, kwenye mifuko yenyewe. Sina sufuria kubwa ya presha. Je, naweza kutumia mabua yaliyochemshwa peke yake, au ni lazima nitafute vumbi la mbao lenye pumba kama ninavyoona wengine wakifanya? Na maji kiasi gani?

Mwanzisha uzi

Mkuu, mabua yanatosha kabisa, na kwa anayeanza ndiyo ninayoyapendekeza. Tofauti iko kwenye wingi wa chakula. Mabua makavu ya ngano au mpunga ni chakula kigumu ambacho mamama hukimudu kuliko washindani wake, kwa hiyo hakuna haja ya kuua kila kiumbe kilichomo. Yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 6, yazamishwe kwenye maji ya nyuzijoto 65 hadi 80 kwa saa moja hadi mbili, yachujwe na kupoa hadi mkono uweze kukaa ndani bila kuhisi moto. Joto hilo huua wadudu na sehemu kubwa ya ukungu wa kuozesha (si ule ukungu wa maji wa mashine), lakini huacha vijidudu vichache vinavyopenda joto, navyo husaidia kuwazuia wavamizi wapya.

Ukiongeza pumba kwa asilimia 10 au 20 kwenye vumbi la mbao, unaongeza mavuno, na papo hapo unamwandalia meza kila mgeni. Hapo kuchemsha hakutoshi. Mifuko ya kilo mbili hivi inataka nyuzijoto 121 chini ya presha kwa saa mbili hadi mbili na nusu, na kupanda mbegu kufanyike mahali penye hewa safi iliyochujwa au iliyotulia kabisa. Mbao nazo ziwe za miti ya majani mapana, wala si misonobari yenye utomvu.

Ipo pia njia isiyotumia moto: kuloweka mabua kwa saa 12 hadi 18 kwenye maji baridi yenye chokaa iliyozimwa, ambayo hufikisha pH zaidi ya 12. Chokaa ya shambani isiyochomwa haina nguvu hiyo, hivyo usiibadilishe. Vaa glavu na miwani, kwa sababu maji hayo huunguza ngozi na macho.

Kuhusu maji, lenga unyevu wa asilimia 60 hadi 65 ya uzito wote. Kilo 1 ya mabua makavu ikichukua lita 1.5 za maji umefika 60. Ikichukua lita 1.85 umefika 65. Ukifumbata konzi moja kwa nguvu, yatoke matone machache kati ya vidole na yakome. Yakitiririka, sehemu ya chini ya mfuko itakosa hewa na itanuka uchachu. Mbegu ziwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa malighafi iliyolowa, zichanganywe mfuko mzima.

Wakati wa kutanda, mifuko isibanane. Utando unapokula hutoa joto, na katikati ya mfuko huwa na joto la digrii kadhaa zaidi ya chumba. Chumba cha nyuzijoto 20 hadi 24 ni kizuri. Katikati ikikaribia 35, utando hudhoofika na bakteria hushamiri.

Mchangiaji wa pili

Naomba nitofautiane kwa heshima. Ninaotesha kwenye kreti la plastiki lenye mfuniko, lililotobolewa pande zote, chini yake kuna tabaka la mawe mepesi yanayoshika maji. Sina feni, sina kidhibiti wala mashine ya ukungu. Ninalifungua mara kadhaa kwa siku, ninalipepea kwa mfuniko wake, ninanyunyiza kuta, na uyoga wangu una kofia nzuri. Nahofia kwamba uzi huu utamfanya anayeanza aamini kwamba bila mitambo hawezi kitu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hujatofautiana nami hata kidogo. Hayo matundu ya pande zote na huo mfuniko unaopepea ndiyo mfumo wako wa hewa, nao umeutanguliza mbele ya unyevu kama ninavyosema. Kreti la mfuko mmoja au miwili linakwenda vizuri kwa namna hiyo, na ningemshauri yeyote aanzie hapo.

Ugumu unakuja mifuko ikiongezeka. Mifuko kumi inayozaa kwa pamoja hutoa hewa ya ukaa usiku kucha wakati mwenye kupepea amelala, na mamama haungoji asubuhi. Vichipukizi ninyi mnaovitazama kwa karibu mnavijua: mwanzoni ni punje za kijivu au za buluu iliyoiva, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, zimesongamana kwenye ule mchano uliokatwa kwenye plastiki ya mfuko ili uyoga utokee, na juu ya baadhi yake kumekaa kitone cha maji safi. Kuanzia hapo kishada kinaweza kukua maradufu kwa siku moja. Saa nane za hewa iliyotuama katika hatua hiyo zinatosha kuamua umbo lake lote, na hakuna kupepea kwa mchana kutakakorudisha kofia iliyokwisha kunyimwa nafasi.

Niongeze tu juu ya kunyunyiza. Nyunyiza kuta na hewa, usinyunyize vichipukizi. Vikilowa sana, au vikipigwa na upepo mkavu wa moja kwa moja, hugeuka hudhurungi, huwa laini na kusinyaa vikiwa bado vidogo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ninacho kipimo cha hewa ya ukaa na nimegundua jambo ambalo huenda likawasaidia wengine. Vipo vipimo vinavyopima hewa hiyo yenyewe kwa miale ya infraredi, na vipo vya bei ya chini vinavyokisia kiwango kutokana na gesi nyingine zilizomo hewani. Hivyo vya pili havifai ndani ya kabati la uyoga, kwa kuwa harufu ya mabua na ya utando huvichanganya. Hata kile cha infraredi kisiachwe ndani ya ukungu muda wote. Mimi ninakitumia mwanzoni kurekebisha kasi ya feni, kisha ninakitoa.

Swali langu: tumeambiwa hewa ya ukaa ni nzito na hujikusanya chini. Je, feni ya kutolea isingefaa kuwa chini?

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa angalizo hilo la vipimo, ni la thamani.

Hewa ya ukaa ni nzito kweli kuliko hewa ya kawaida, ila ikishachanganyika haijitengi tena ikarudi chini. Inaweza kutuama kwenye pembe ambako hakuna mwendo wowote wa hewa, na dawa yake ni kuupata huo mwendo. Feni ndogo ya ndani, ikielekezwa ukutani wala si kwenye mifuko, huchanganya hewa yote na kuondoa tofauti kati ya rafu ya juu na ya chini. Kuingiza chini na kutoa juu kunafaa kwa sababu hewa yenye joto la mifuko hupanda yenyewe. Ukitaka kuyageuza, geuza, mradi tundu la kuingilia na la kutolea yasikae jirani, la sivyo hewa safi itapita njia ya mkato na kutoka bila kuigusa mifuko.

Asiye na kipimo asihuzunike, kwa sababu uyoga wenyewe unasomeka. Shina refu na kofia ndogo ni hewa ya ukaa nyingi. Manyoya meupe kama pamba kwenye kitako cha shina ni dalili hiyohiyo, tena huja mapema zaidi. Kofia zilizopasuka, au kingo zilizokauka na kugeuka manjano, ni ukavu au upepo mkali. Ukiona kofia pana zenye kingo zilizojikunja chini kidogo na mashina mafupi, usiguse kitufe chochote.

Mchangiaji wa nne

Naomba ushauri kuhusu afya. Kabati langu limo kwenye chumba ambacho watu wa nyumbani hukaa, na tangu uyoga uanze kufunguka mmoja wao anakohoa. Rafu za karibu zina vumbi jeupe laini. Je, nihofie?

Mwanzisha uzi

Ndiyo, na naomba lishughulikiwe leo. Hilo vumbi jeupe ni spora. Mamama humwaga spora nyingi mno, na kuzivuta mara kwa mara kunaweza kuleta mzio wa mapafu ambao unafahamika vizuri miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya uyoga: homa, kikohozi na kubanwa pumzi saa kadhaa baada ya kuwa karibu na uyoga, na mapafu kudhurika mtu akiendelea kukaa humo. Anayekohoa aondolewe kwenye chumba hicho, na kikohozi kisipokoma amwone daktari na kumweleza bayana kwamba nyumbani kuna uyoga unaooteshwa, maana bila taarifa hiyo ni rahisi kudhani ni mafua.

Kwenye kabati kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuvuna mapema. Kofia ya mamama huanza ikiwa imejikunja chini, kisha hunyooka. Ivune kabla ukingo haujageuka kuelekea juu, kwa sababu hapo ndipo spora humwagika kwa wingi. Kishada chote kivunwe pamoja kwa kukizungusha na kukivuta, hata kama kofia chache bado ndogo. Ya pili ni bomba la kutolea hewa kuishia nje ya jengo. Kutolea chumbani ni kuwapa watu spora na kuipa nyumba unyevu ambao utazaa ukungu kutani. Ya tatu ni barakoa ya kuchuja chembechembe, ya daraja la FFP2 au N95, kila unapofungua kabati lenye uyoga uliokomaa. Kitambaa cha kawaida hakizuii spora.

Chumba cha kulala, kwa maoni yangu, si mahali pa kabati la uyoga hata bomba likiwa zuri namna gani. Zipo pia mbegu za mamama zilizochaguliwa kwa kuwa hazitoi spora au hutoa chache sana. Mwenye nafasi finyu azitafute hizo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, wakuu. Mifuko yangu imetanda, ila mmoja una kiraka cha kijani ubavuni. Nikikate na kukitupa, au niupulizie dawa? Na vijinzi weusi wadogo wameanza kuonekana kwenye kioo cha dirisha.

Mwanzisha uzi

Huo ni ukungu wa Trichoderma, adui mkubwa kuliko wote wa kazi hii. Huanza ukiwa mweupe, mnene kuliko utando wa uyoga, na hugeuka kijani unapoanza kutoa spora zake. Maana yake ni kwamba ukishauona kijani, tayari una vumbi linalosubiri kuruka. Usiufungue, usiukate, usiupulizie chochote ndani ya kabati. Ufunike kwa mfuko mwingine hapo hapo ulipo, uutoe nje ya nyumba, kisha unawe mikono na kubadilisha nguo kabla ya kugusa mifuko mingine. Mfuko mmoja si hasara. Kuung'ang'ania ndiko huleta hasara.

Ukiona majimaji ya manjano au ya rangi ya chai yaliyotulia kati ya plastiki na utando, hayo ni kitu kingine. Utando huyatoa unapopambana na bakteria au unapochoka, na yakiwa machache mfuko unaweza kuzaa vizuri.

Vijinzi hao huvutwa na harufu ya utando. Mayai yao huwa mabuu ambao hula utando na vichipukizi, na wao wenyewe hubeba spora za ukungu miguuni kutoka mfuko hadi mfuko. Weka kadi za manjano zenye gundi karibu na tundu la kuingilia, hakikisha kitambaa cha chujio hakina mwanya, na usihifadhi mifuko iliyochakaa jirani na mipya. Dawa ya kuua wadudu isiingie kabisa kwenye chombo ambacho chakula kinakua.

Mchangiaji wa tano

Je, naweza kuchanganya aina mbalimbali kwenye kabati moja, kwa mfano mamama, shiitake na uyoga wa kifungo? Na uyoga huu unahifadhiwaje?

Mwanzisha uzi

Kuchanganya inategemea joto na hewa. Pleurotus ostreatus nyingi huzaa vizuri kati ya nyuzijoto 13 na 18, ingawa zipo mbegu zinazovumilia zaidi. Pleurotus djamor, ile ya rangi ya waridi, inataka joto na huathirika na baridi. Hericium erinaceus, yenye miiba myeupe inayoning'inia, hukaa vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 24, nayo hugeuka kama matumbawe hewa ikichafuka, kwa hiyo inaweza kuishi na mamama. Shiitake hutanda polepole zaidi na mfuko wake hulazimika kuvaa gamba la kahawia kabla ya kuzaa. Uyoga wa kifungo, Agaricus bisporus, hauli mabua mabichi. Unataka mboji iliyoandaliwa maalumu na tabaka la udongo juu yake, na kwa kabati la nyumbani siupendekezi.

Baada ya kuvuna, usiuoshe kabla ya kuuhifadhi. Uweke kwenye mfuko wa karatasi ndani ya jokofu. Utakaa takriban wiki moja. Plastiki iliyofungwa huufanya utoke jasho na kuteleza. Upikwe hadi uive: mamama mbichi una protini zinazodhuru ambazo joto huziharibu, na shiitake isiyoiva vizuri huwapa baadhi ya watu vipele vya mistari mwilini. Uyoga wowote usioutambua ukijiotea ndani ya kabati usiliwe, hata ukifanana na ule uliopanda.

Mchangiaji wa pili

La mwisho kwangu: mifuko yote iingie siku moja, au kila wiki niongeze michache ili nivune mfululizo?

Mwanzisha uzi

Kwa kabati moja, iingie pamoja na itoke pamoja. Mfuko wa mamama hutoa mavuno makubwa katika mkupuo wa kwanza, kisha hupumzika siku 7 hadi 14 na kutoa mkupuo wa pili ulio mdogo zaidi, na pengine wa tatu. Mfuko mzuri wa mabua huweza kufikisha jumla ya kilo 1 ya uyoga mbichi kwa kila kilo 1 ya mabua makavu. Kadiri unavyozeeka, ndivyo unavyopoteza nguvu ya kujilinda na kuwa makazi ya vijinzi na ukungu wa kijani. Ukiingiza mipya kila wiki katikati ya ile mizee, kabati halipati siku hata moja ya kuwa tupu, na kabati lisilokuwa tupu halisafishiki.

Mimi huitoa yote baada ya mkupuo wa pili. Mabaki huenda kwenye mboji ya bustani. Kuta, rafu, bomba na ndoo ya ukungu huoshwa kwa sabuni, kisha hupanguswa kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini, dirisha likiwa wazi na bila kuichanganya dawa hiyo na siki wala amonia. Baada ya hapo feni huwashwa bila ukungu mpaka ndani pawe pakavu kabisa, hasa kwenye viungo vya bomba ambako maji hujificha. Mwenye kutaka kuvuna mfululizo ajenge kabati la pili dogo na kuyapishanisha, moja likiwa linazaa wakati jingine linakaushwa.